Madarasa tumeyahesabu, shule bado hatujaichora

Januari 2028 sekondari za Tanzania Bara zitapokea watoto wa miaka miwili kwa mpigo mmoja. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeipunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka ule watamaliza la sita mwishoni mwa 2027, wakati uleule kaka na dada zao waliowatangulia kwa mwaka mmoja wakimaliza la saba, na wote watagonga mlango wa kidato cha kwanza pamoja. Tangu jambo hili lianze kueleweka, mazungumzo yamekuwa ya hesabu: madarasa mangapi yanahitajika, mangapi yapo, fedha zitoke wapi. Hesabu hiyo ni ya lazima na sina ugomvi nayo. Ninachopinga ni imani kwamba ikishakamilika, kazi ya kupanga imekwisha. Darasa lililochomekwa popote penye nafasi linaongeza idadi, halijengi shule. Shule inajengwa na mpangilio: jengo limekaa wapi na limetazama wapi, upepo unaingilia wapi, maji ya mvua yanaelekea wapi, choo kiko umbali gani, na nafasi gani imeachwa kwa ajili ya kile ambacho bado hakijajengwa. Mengi ya hayo yanaamuliwa siku moja, siku kamba inapovutwa kuweka msingi, na yakiamuliwa vibaya hakuna fungu la ukarabati linaloweza kuyarudisha.

Tabia ya kufikiri kwa darasa mojamoja ina historia. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza 2004, na ndani ya miaka michache karibu kila kata ikawa na sekondari yake. Yalikuwa mafanikio makubwa, na sitaki yadharauliwe. Wananchi walisomba mawe, mchanga na maji, wakanyanyua maboma, serikali ikaja kuezeka. Lakini kilichokuwa kimechorwa ni darasa. Maabara, maktaba na nyumba za walimu viliachwa vije baadaye, na hakuna aliyeviwekea alama mahali vitakapokaa. Rais Jakaya Kikwete alipoagiza mwaka 2012 kila sekondari ya kata iwe na maabara za fizikia, kemia na baiolojia, ndipo walimu wengi walipogundua kwamba eneo lipo ila nafasi haipo. Nimeziona maabara zilizobanwa kati ya choo na uzio, na nyingine iliyokalia nusu ya uwanja wa mpira, goli moja limebaki upande wa pili bila la kutazamana nalo. Ikaja elimu bila ada mwaka 2016, uandikishaji ukafurika. Mwaka 2021 zikaja fedha za UVIKO-19, Sh trilioni 1.3, zilizojenga pamoja na mambo mengine madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo zinazolelewa na shule mama, kwa Sh milioni 20 kila moja pamoja na samani zake, na amri ya kumaliza kabla ya mwaka kwisha. Januari 2022 watoto waliofaulu waliingia kidato cha kwanza kwa awamu moja bila kusubiri chaguo la pili. Aliyewahi kuwa na mtoto aliyebaki nyumbani hadi Machi akisubiri darasa liezekwe anajua uzito wa jambo hilo.

Tatizo limejificha kwenye utaratibu wenyewe. Ujenzi mwingi wa shule za umma unafanyika kwa fosi akaunti: fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule, zinaundwa kamati za manunuzi, mapokezi na ujenzi, fundi wa mtaani anapewa kazi, mhandisi wa halmashauri anapita kukagua. Ramani inatoka juu, ya aina moja kwa wote. Ramani hiyo inaonyesha upana wa msingi, idadi ya nondo kwenye lenta, umbo la kenchi na gebo ya bati, na kwa mambo hayo ni nzuri. Lakini inaishia ukutani. Haijui mteremko wa kiwanja, haijui kisima kiko wapi, haijui jua. Kwa hiyo uamuzi mkubwa kuliko yote, wa mahali na mwelekeo, unabaki kwa yeyote atakayekuwapo asubuhi ile.

Niliwahi kuwapo asubuhi kama hiyo, nikiwa mjumbe wa kamati ya ujenzi katika shule moja ya msingi pembezoni mwa Dar es Salaam. Fundi alikuja na kamba, vigingi na nyundo. Akauliza jengo litazame wapi, na kiongozi mmoja akajibu papo hapo: litazame barabarani, mgeni akipita alione. Hakuna aliyepinga, na mimi pia nilikaa kimya kwa sababu sikuwa najua la kusema. Barabara ile inatoka kaskazini kwenda kusini, nasi tukalilaza jengo sambamba nayo. Baraza likatazama mashariki, mgongo wenye madirisha makubwa ukabaki magharibi bila kivuli chochote. Miaka miwili baadaye niliingia mle saa nane na nusu mchana, kipindi cha darasa la saba. Safu nzima ya kulia ilikuwa tupu. Watoto walikuwa wamesogeza madawati hadi katikati, wanne kwa dawati la watatu, na yule aliyebaki karibu na dirisha alikuwa ameshika daftari kwa mkono wa kushoto kujikinga jua usoni huku akiandika kwa wa kulia. Mwanga ukitoka kulia, kivuli cha mkono kinaangukia palepale kalamu inapoandika. Mwalimu alikuwa amekata maboksi akayabandika kwenye vioo. Darasa lile lilikuwa limelipiwa fedha za darasa zima, na kila alasiri lilitumika theluthi mbili.

Kilichotakiwa kilikuwa kuigeuza kamba robo ya duara. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na karibu nchi yote iko ndani ya nyuzi 12. Kwetu jua la mchana linapita juu ya vichwa, likielemea kaskazini sehemu kubwa ya mwaka na kusini kuanzia Oktoba hadi Februari, na halishuki sana upande wowote kati ya hizo mbili. Ukuta wa kaskazini na wa kusini unakingwa na upenu wa kawaida tu. Jua la asubuhi na la alasiri ndilo linalokuja chini chini, na hakuna upenu wa kulizuia. Ndiyo maana jengo la shule linapaswa kulala mashariki-magharibi, madirisha yakae kaskazini na kusini, na kuta fupi zisizo na madirisha zipokee makali ya jua. Kwa shule za pwani kuna zawadi ya pili, maana kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki na kusi kutoka kusini-mashariki. Madirisha ya pande hizo mbili yanazipokea pepo zote, msimu baada ya msimu. Na kwa kuwa pepo zote mbili zinatokea upande wa mashariki, choo kikikaa magharibi mwa madarasa harufu yake inaondoka na upepo mwaka mzima. Manahodha na wajenzi wa mwambao waliishi kwa kuzihesabu pepo hizi. Inasikitisha kwamba ujuzi huo haukuingia kwenye karatasi ya kamati ya ujenzi.

Ninajua hoja za upande wa pili, na mojawapo ni nzito. Inasema: mtoto anayesoma chini ya mwembe hana muda wa kusubiri mjadala wa mwelekeo wa madirisha, ramani moja kwa nchi nzima ndiyo iliyowezesha madarasa 15,000 kusimama kwa miezi michache, kila halmashauri ikianza kuchora yake, gharama hazitalinganishika na mianya ya upigaji itafunguka. Ninakubaliana na sehemu kubwa ya hoja hii. Ramani moja inamsaidia mhandisi mmoja anayesimamia miradi arobaini, na inamsaidia mkaguzi kujua kama saruji iliyonunuliwa inalingana na jengo lililopo. Lakini ninachokiomba hakigusi ubora huo. Kulilaza jengo lilelile upande mwingine hakuongezi mfuko hata mmoja wa saruji. Kuamua leo kwamba maktaba itakaa pale na choo kitakaa kule kunahitaji futi kamba, karatasi na siku mbili za watu wanaoijua ardhi ile. Pale ramani moja inaposhindwa kweli ni kwenye hali ya hewa. Darasa la Mafia linataka lipitishe upepo mchana kutwa. Darasa la Makete, ambako Juni na Julai watoto wanaamka nyasi zimeganda barafu, linataka madirisha yanayofungika vizuri na jua la asubuhi liingie ndani. Ramani tatu au nne za kitaifa, kwa mwambao, nyanda kame, nyanda za juu zenye baridi na kanda ya ziwa, zingetosha, na zingekaguliwa kwa urahisi uleule.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa zaidi kwenye vikao, ni hii: majengo hayafundishi, sisi tulisoma chini ya miti na tukafaulu. Anayeisema huwa ni mtu aliyefaulu. Wenzake waliosinzia kwa joto, walioshindwa kuona ubao, wasichana walioacha kuja siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa mahali pa kujisitiri, hawamo kwenye kikao hicho kutoa ushahidi wao. Isitoshe, chini ya mwembe hapakuwa pabaya kwa kila kitu. Palikuwa na kivuli na upepo wa pande zote, na mvua ikinyesha watu walitawanyika. Darasa la bati lisilo na dari lina joto kuliko mwembe, na mvua kubwa ikishuka mwalimu ananyamaza. Kila aliyesoma shule hizi anakumbuka mwalimu akiweka chaki chini na kusubiri, midomo inacheza, sauti haisikiki. Katika masika ya Aprili, huo ni muda wa masomo unaopotea wiki hadi wiki.

Na wale wanaodai kwamba usanifu mzuri ni wa shule za matajiri, wautazame mfano wa Gando, kijiji cha Burkina Faso. Francis Kéré, mtoto wa kijiji hicho aliyekwenda kusomea usanifu Berlin, alichangisha fedha akarudi kujenga shule ya msingi pamoja na wanakijiji, ikakamilika mwaka 2001. Kuta ni matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Juu yake kuna dari ya matofali, na bati limeinuliwa juu ya dari hiyo kwa kenchi za nondo, likatokeza mbali nje ya kuta. Hewa ya moto inapanda na kuondokea kwenye nafasi iliyo kati ya dari na bati, kuta zinapata kivuli, na mvua inapigia mbali na masikio ya watoto. Nondo zile ni zilezile ambazo fundi wetu anazikata kila siku. Jengo hilo lilipata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker. Kilichomtofautisha ni kwamba aliliwaza joto kabla ya kuuwaza ukuta.

Mjini mjadala umechukua sura nyingine, ya ghorofa. Zanzibar imejenga skuli nyingi za ghorofa miaka ya karibuni ili wanafunzi waache kuingia kwa zamu mbili, asubuhi na mchana, na Dar es Salaam nayo imeanza kwenda juu kwa sababu viwanja vimekwisha. Wapo wanaoogopa, na hofu yao ina msingi. Septemba 2019, shule ya ghorofa iliyojengwa kwa mbao na mabati iliporomoka Dagoretti, Nairobi, ikaua wanafunzi wanane. Lakini jengo lile linatufundisha kuhusu usimamizi na vifaa. Urefu peke yake hauui mtu. Kwangu ghorofa mjini ni jibu sahihi kwa masharti ambayo yote ni ya mpangilio: ngazi mbili na siyo moja, pana za kutosha darasa zima kushuka kwa pamoja, geti la ngazi lisifungwe kwa kufuli saa za masomo, na madarasa ya chini yatengwe kwa watoto wadogo na kwa mkondo wenye mwanafunzi wa kiti mwendo, ili asibebwe mgongoni na wenzake kila asubuhi. La muhimu zaidi ni kwamba uamuzi wa ghorofa ufanywe siku ya msingi. Huwezi kupandisha ghorofa juu ya kuta za matofali zilizokaa kwenye msingi wa darasa la kawaida. Kila jengo la chini tunalolisimamisha leo katikati ya kiwanja kidogo cha mjini linatulazimisha ama kulibomoa kesho, ama kukosa nafasi milele.

Maji na vyoo vinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa huwa vinaachwa mwisho na fedha ikiisha vinakatwa. Mwongozo unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Ukiongeza madarasa manne bila kuongeza matundu, umepunguza vyoo, hata kama hukubomoa kimoja. Choo bila maji nacho hakisaidii, na maji tunayaacha yapotee. Jengo la madarasa mawili na ofisi katikati lina paa la kama mita za mraba 180. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na Dar es Salaam inapata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Ukitoa moja ya tano inayorukia nje au kukauka, paa hilo moja linakusanya lita 144,000. Gawanya kwa siku 194 za masomo, unapata zaidi ya lita 700 kila siku ya shule. Tangi halitatunza zote, maana mvua huja kwa msimu, lakini hata nusu yake inatosha kusafisha vyoo na kunawa mikono. Sharti ni moja tu: paa, tangi na choo viwe vimepangwa pamoja, maji yateremke yenyewe. Tangi likijengwa upande wa pili wa kiwanja, bondeni, watoto watabeba ndoo.

Mabweni nayataja kwa ufupi kwa kuwa hayana mjadala. Septemba 2020 wanafunzi kumi walikufa bweni lilipoungua Kyerwa, Kagera. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa Nyeri, Kenya, nchi ambayo tangu 2008 ina mwongozo unaokataza nondo kwenye madirisha ya mabweni na unaotaka milango ifunguke kwa nje. Mlango unaofunguka nje na dirisha ambalo mtoto anaweza kupita havigharimu zaidi. Jengo lisilo navyo lisipokelewe na kamati.

Kenya inatuonyesha pia gharama ya kuchelewa. Januari 2023 wanafunzi wa kwanza wa gredi ya saba walibakishwa kwenye shule za msingi, uamuzi uliofikiwa wiki chache tu kabla ya muhula, na shule hizo zilikuwa zimejengwa bila maabara. Ilipokaribia gredi ya tisa mwaka 2025, serikali ikakimbizana na madarasa 16,000. Sisi tumeiona tarehe yetu mapema. Uwezo pia tunao, kwani SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, umekuwa ukijenga sekondari mpya za kata zikiwa na madarasa, maabara, maktaba na jengo la utawala kwa pamoja. Wasiwasi wangu uko kwenye maelfu ya shule za zamani zitakazoongezewa mawili hapa, matatu pale. Kila moja kati ya hizo inahitaji mpango wa eneo lake lote, uliopimwa na mpima wa halmashauri, ukatiwa saini na mhandisi na bodi ya shule, kabla fedha ya 2027/28 haijaingia. Mpango huo huo ndio utakaosaidia kupata hati, na kiwanja chenye hati na mchoro ni vigumu kumegwa. Mfuko wa Jimbo, mfadhili, benki inayotaka kuchangia, wazazi wanaochanga tofali mojamoja, wote wajenge mahali mchoro unapoelekeza.

Katika shule ile ya pembezoni tulifanya hivyo kwa kuchelewa. Kijana mmoja mpima ardhi, mzazi mwenzetu, alijitolea Jumamosi mbili, akachora kiwanja chote kwenye karatasi ya manila: majengo yaliyopo kwa wino mweusi, yatakayokuja kwa penseli, mshale wa kaskazini kwenye pembe. Mwalimu mkuu aliibandika ukutani nyuma ya kiti chake. Jengo lililofuata lililala mashariki-magharibi, na mgongoni mwa lile la kwanza tulipanda miarobaini, ambayo sasa kivuli chake kinafika kwenye kizingiti cha dirisha ifikapo saa tisa. Mwaka juzi walikuja watu waliotaka kutujengea maktaba, nao wakaomba iwe karibu na geti. Mwalimu mkuu hakubishana nao. Aliwageuza wakatazama ukutani, akaweka kidole juu ya mstatili mmoja wa penseli, na msingi ukachimbwa pale.